Mashine Sita, Kayamba Moja

Idah Kavumbi alipopigiwa simu na Gerishom Jumatatu asubuhi, alikuwa na pini nne mdomoni na pazia la mita sita mapajani. Alizitema pini kwanza, na alifanya vyema, maana habari aliyopewa ingemfanya azimeze.

Gerishom alikuwa fundi mitambo wa hoteli moja ufuoni, Mluhya aliyeendesha sauti za disko pale kwa miaka ishirini na miwili. Hoteli ilikuwa imeamua kuufunga ukumbi wa disko na kuugeuza chumba cha mazoezi ya viungo, na mitambo ya zamani akaachiwa yeye kama zawadi ya kustaafu. Spika alikwisha kuziuza. Alibakiwa na mashine sita za kutengenezea sauti, zile za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine na kuwaka vitaa vya kijani na vyekundu, na Jumamosi alikuwa anahama kurudi kwao Vihiga, kwenye nyumba mpya. Pesa ya Idah hakuitaka. Alitaka pazia. Nyumba ina madirisha sita, akasema, kwa hiyo kila mashine ni dirisha moja. Angemletea zote azijaribu, na siku ya Ijumaa Idah amwambie ni ngapi anazohitaji hasa.

Idah akakata simu, akasimama katikati ya chumba na kuruka. Mwanamke wa miaka arubaini na mmoja, mama wa watoto wawili, fundi pazia anayetegemewa na nusu ya hoteli za Malindi, akaruka tena mpaka mumewe Oliver akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nyoka yuko wapi.

"Mashine sita," Idah akamwambia. "Sita, Baba Hope."

Oliver ni mpishi, na wapishi huuliza maswali ya kipishi. Aliuliza maiki zipo ngapi. Idah akasema mbili. Oliver akatikisa kichwa na kurudi kuangalia maharagwe yake.

Lakini Oliver hakuelewa, na ili mtu aelewe lazima ajue Idah aliingiaje katika mambo ya sauti. Baba yake, Musembi, alitoka Kitui kuja kuchonga vinyago Malindi, na Idah akazaliwa Muyeye, akakulia Muyeye, akajifunza kushona kwa mama yake. Siku moja kanisani kwao mtu wa miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, alihamia Nairobi bila kuaga. Mchungaji akatazama waumini, akamwona Idah kwenye kiti cha karibu, akasema, wewe si una cherehani, basi njoo, mashine ni mashine. Idah akaketi pale kwa kicho, akagusa kitufe kimoja, sauti ya kwaya ikafunguka mbele yake, na hakuinuka tena kwa miaka tisa.

Polepole akanunua kompyuta, akanunua kisanduku cha kuunganishia maiki, akanunua maiki zenyewe. Chumba cha kushonea akakigeuza. Masalio ya pazia nzito za hoteli aliyatundika ukutani mara mbili mbili mpaka mtu akipiga makofi mle ndani sauti inakufa palepale. Alirekodi kwaya, alirekodi matangazo ya harusi, alirekodi mwuza maji aliyetaka tangazo la kupigia kwenye mkokoteni. Majirani walipaita "kwa Idah wa pazia." Yeye alitaka paitwe studio, na aliona haya kulisema jambo hilo kwa sauti.

Na wiki hiyo ndipo hasa alipolitaka jina hilo. Alhamisi alikuwa anakuja Hawe Dorcas.

Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na ndivyo kila mtu alivyomwita Dorcas Randu, mkulima wa Magarini na ngoi wa kikundi kinachojulikana kuanzia huko hadi Kilifi. Hapana harusi wala matanga ya maana upande ule ambayo hakuitwa. Yeye huita, wenzake huitikia, na shemeji yake Mwaro hutikisa kayamba. Mwaka uliopita kikundi kilipelekwa Mombasa kurekodi kwenye studio ya vioo na viyoyozi, wakarudi na wimbo ambao hakuna aliyeutambua. "Tuliambiwa hao ni sisi," Hawe Dorcas alimweleza Idah kwenye simu, "tukakubali kwa adabu." Sasa wanakikundi walitaka kujaribu mara moja tu, nyumbani, kwa mtu wa karibu. Wana nyimbo kumi na mbili. Wakijitambua katika ule wa kwanza, wataziimba zote. Wasipojitambua, basi, mambo ya mashine wataachana nayo, waendelee kuimba shambani kama zamani.

Kwa hiyo Gerishom alipoziteremsha zile mashine kwenye tuktuk Jumanne, Idah alizipokea kama anayepokea wakwe. Fundi akamweleza moja moja. Ya kwanza hukuza sauti ndogo. Ya pili huitwa geti, kwa sababu hufunga mlango kukiwa na kelele ndogondogo, na kufungua mtu akiimba. Ya tatu ni kompresa, hushika sauti inayopanda ghafla isije ikapasuka. Ya nne hupanga besi na sauti nyembamba. Ya tano hutia mwangwi. Ya sita, Gerishom mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kujua kazi yake, lakini taa zake ni nzuri.

"Jambo moja," Gerishom alimwambia akiwa mlangoni. "Sauti ikishapita humu na kuingia kwenye kompyuta, hairudi ilivyokuwa. Ni kitambaa. Ukishakata umekata."

Idah, aliyekata vitambaa maisha yake yote, aliitikia ndiyo, ndiyo, macho yake yakiwa kwenye zile taa.

Usiku huo aliziunganisha zote sita, moja ikimpa nyingine, akasoma kwenye maiki tangazo la mwuza maji. Lilitoka kama taarifa ya habari. Akasoma tena, na hapo akatambua kilichomfurahisha zaidi: Muyeye haikuwemo. Hakukuwa na pikipiki, hakukuwa na jirani anayechomelea madirisha ya chuma, hakukuwa na yule jogoo wa Mama Phoebe anayewika saa asizojua mwenyewe. Kwa miaka yote alikuwa akipambana na jogoo yule kwa pazia na magodoro, na leo geti lilikuwa limemfungia nje. Idah alimwamsha Oliver asikilize. Oliver akasema ni safi sana, akauliza kama anaweza kulala. Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kufikia Jumatano mchana Idah alikuwa amekwisha kukata kitambaa cha madirisha yote sita.

Alhamisi saa nne wakafika, wanawake sita na Mwaro, wamefunga leso mpya, kayamba imefungwa katika gunia safi kama mtoto. Idah alimwamkia shikamoo Hawe, naye akaitikia marahaba mwanangu, akatazama pazia za ukutani, akasema hapa panafaa kulala. Walikunywa chai na mahamri ya Oliver. Kisha Idah akawapanga, maiki moja mbele ya Hawe, nyingine kati ya waitikiaji na Mwaro, akaketi mbele ya taa zake na moyo ukimwenda mbio kwa raha.

Wimbo ulikuwa mzuri mno. Hawe Dorcas haimbi maneno aliyoyakariri. Huanza na mstari wa zamani, kisha humtazama mtu usoni na kumtungia papo hapo, na akimaliza naye humgeukia mwingine, na maneno hayo hayarudii tena. Alimwimba mpishi na mahamri yake, akamwimba binti yao Hope aliyeko shule, akaimba mvua iliyochelewa. Idah alizisikiliza sauti kwenye hedifoni zikiingia zimeng'aa, kila moja mahali pake, na alipobonyeza kusimamisha alikuwa akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Akamvika Hawe hedifoni. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, shingo imenyooka. Akazivua taratibu.

"Ni nzuri, mwanangu. Mungu akubariki kwa kazi yako."

Wa pili akasikiliza, akasema nzuri. Wa tatu, nzuri. Idah aliwapitishia mmoja mmoja akiwa anaelea hewani, na ilimchukua muda kuona kwamba mmoja wa wanawake alikuwa anakaza leso yake kiunoni, kama afanyavyo mtu anayejiandaa kuaga. Hakuna bega lililotikisika. Hakuna mguu uliopiga sakafu. Watu hawa, ambao huinuka na kucheza kwa pamoja wakisikia debe linagongwa, walikuwa wameketi kama waliokuja kumwona mgonjwa. Adabu ile ya Mombasa ilikuwa imeingia chumbani mwake, nayo ikamtia baridi.

Mwaro alikuwa wa mwisho. Alisikiliza amefumba macho, mara akayafumbua, akasogeza hedifoni upande mmoja na kuuliza kwa upole, kama anayeogopa kumkosea mwenyeji:

"Mama Hope, hapa mimi nilikuwa nimetoka nje?"

Wengine wakacheka. Idah hakucheka. Alizichukua hedifoni, akarudisha wimbo mwanzo, akasikiliza upya, safari hii akimtafuta Mwaro. Pale wote walipoitikia, kayamba ilikuwepo. Lakini pale Hawe anapomaliza mstari na kuvuta pumzi, pale ambapo Mwaro huilaza kayamba na kuitikisa kidogo tu ili mbegu zake zitambae ndani ya matete, hapakuwa na kitu. Hawe alisimama peke yake kwenye ukimya kama nyumba iliyohamwa, kisha akaanza mstari mwingine bila sababu.

Idah akaelewa, na uso ukamwaka moto. Kayamba ikinong'ona inafanana sana na kelele ya waya mbovu. Aliyetengeneza lile geti hakuwahi kuisikia, na mashine ilipoona mnong'ono ule ikaufungia mlango pamoja na pikipiki na jogoo. Mashine ina udhuru. Lakini yeye, aliyezaliwa Muyeye, aliyelala utotoni akisikia kayamba ng'ambo ya ua katika kila harusi, yeye ana udhuru gani? Kwa siku mbili alikuwa amefurahia kile kisichosikika.

"Si wewe uliyetoka, Mzee Mwaro," akasema. "Mimi nimekutoa. Nisameheni."

Alitaka kuirekebisha, lakini hakukuwa na cha kurekebisha, kwa sababu kilichokatwa kilikuwa kimekatwa kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Akamwuliza Hawe kama anaweza kuuimba tena. Bibi akasema ule umekwenda, maneno ya asubuhi hawezi kuyaita yakarudi. Kisha Hawe akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba upo mwingine, ikiwa mwenyeji hajachoka.

Hapo Idah akapata nguvu ambazo mashine hazikuwa zimempa. Akazunguka nyuma ya meza, akapiga magoti kwenye nyaya, akamvika Mwaro hedifoni na kumwomba atikise kayamba bila kusimama. Atakuwa anatoa mashine moja moja, akamweleza, na Mwaro amwambie anajisikiaje.

"Siko," Mwaro akasema.

Idah akachomoa geti.

"Nimekuja. Lakini niko kisimani."

Akachomoa mwangwi. Mwaro akafikiri kidogo, akasema ametoka kisimani ila amevaa mabati. Wanawake walikuwa wamesogea sasa, wamezunguka meza, leso zimelegezwa tena, kila mmoja akitoa maoni kuhusu mabati. Idah akachomoa ile ya kupanga besi, akachomoa na ile ya sita yenye taa nzuri, na hakuna aliyesikitikia taa. Akachomoa kompresa, kisha ya kwanza, kwa kuwa kisanduku chake cha zamani kilikuwa na nguvu ya kutosha kukuza sauti. Mwaro akaacha kutikisa kayamba. Akaitikisa tena, polepole, ikinong'ona.

"Huyu ni Mwaro," akasema.

Chumba kizima kikapiga vigelegele kama mtu ametahiniwa akapita. Idah alikuwa na vumbi magotini, amefurahi kuliko Jumatatu ile ya kuruka, na alikuwa tayari kuzirudisha mashine zote sita bila kutazama nyuma. Lakini mtaka yote hukosa yote, na mkataa yote naye mara nyingine hukosea. Hawe Dorcas alipojaribu mstari mmoja, alianza chini kama anayesimulia, kisha akapandisha ule wito wake wa kuvuka mashamba mawili, taa nyekundu ikawaka na sauti ikapasuka vipande. Idah akaisogeza maiki mbali. Hawe akaifuata. Akaisogeza tena, bibi akaifuata tena, maana amezoea kumwimbia mtu karibu na uso na hakuona kwa nini maiki ikimbie. Idah hangeweza kumfundisha ngoi wa miaka arubaini mahali pa kusimama. Akairudisha kompresa, kwenye maiki ya Hawe peke yake, akaigeuza kidogo kidogo mpaka ule wito ukawa unapanda wote, mzima, bila kupasuka na bila kubanwa.

Hawe alipokuwa anakunywa maji ya uvuguvugu, Idah alimpigia simu Gerishom. Alimwambia anachukua moja.

"Moja?" Gerishom akauliza. "Na mke wangu nimeshamwambia rangi ya pazia."

Idah akamwambia pazia zote sita atazipata, tena za kitambaa kizuri, kwa kuwa tano ni karo ya somo alilolipata leo. Gerishom akacheka, akaomba asimulie. Idah akasema baadaye, ana wageni studioni, na akashangaa jinsi lile neno lilivyomtoka bila kujikwaa.

Wakarekodi. Safari hii pikipiki moja ilipita mbali, na jogoo wa Mama Phoebe akajitia katikati ya ubeti wa tatu, na Hawe, bila kusita, akamwimba naye. Kayamba haikunyamaza hata mara moja. Idah alikaa na taa moja tu ya kutazama, kwa hiyo aliwatazama watu.

Walipomaliza hakuwapa hedifoni. Aliielekeza sauti kwenye spika na kubonyeza.

Mwanzoni ilikuwa kayamba peke yake. Kisha sauti ya Hawe Dorcas ikaita kutoka kwenye spika, na wanawake watano, bila kuambizana, wakaitikia juu ya sauti zao wenyewe. Mmoja aliinuka. Mwaro akaokota kayamba yake sakafuni, mabega yakaanza kutikisika, pazia za ukutani zikacheza, na Oliver akasimama mlangoni kaacha sufuria motoni. Hakuna aliyesema nzuri.

Hawe pekee ndiye aliyebaki kwenye kiti, akiitazama spika. Mahali pa kuita palipofika alifungua mdomo, na spika ikaita kabla yake. Akangoja. Palipofika tena akafungua mdomo, na yule mwingine akamwahi tena, kwa sauti yake, kwa maneno yake, akimtania jogoo. Mara ya tatu Hawe Dorcas alisubiri wito uishe. Kisha akainuka, akaingia katikati ya wenzake, na akaitikia pamoja nao.

Aliitikia mpaka mwisho, akichelewa kidogo hapa na pale, kwa kuwa hakuizoea sehemu ile. Wimbo ulipokwisha alikuwa analia na kucheka, na hakujifuta.

"Miaka arubaini naita watu," akasema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuitikia."

Akamwambia Idah kwamba nyimbo zilizobaki wataziimbia hapahapa, kuanzia wiki ijayo, wakimaliza palizi. Lakini kwanza aurudishe huu mwanzo, na akishaurudisha asikae kule nyuma ya meza. Idah akabonyeza, akavuka nyaya zilizolala sakafuni, akasimama kati ya Hawe na Mwaro kungoja wito.